Mwongozo wa kuingia Princess Louisa Inlet kwa mashua ya tanga

Kila mwaka, theluji inapoanza kuyeyuka katika milima ya British Columbia, Kanada, Waswahili wenzangu wenye mashua za tanga huku ughaibuni, na wale wanaokusudia kukodi, huniuliza maswali yale yale: mlango wa Malibu, ule mwembamba wa kuingilia humo, unapitika saa ngapi, nanga inashika wapi mle ndani, na mafuta ya kwenda na kurudi ni kiasi gani. Nimeyajibu kwa simu na kwa ujumbe mara nyingi, na kila mara nikakuta nimesahau jambo moja, kwa hiyo nimeona afadhali niyaandike yote mahali pamoja.

Kwa asiyepajua, Princess Louisa Inlet ni mkono wa bahari wenye urefu wa maili 4 hivi za baharini, uliojificha nyuma ya mkono mwingine mkubwa zaidi uitwao Jervis Inlet. Kuta za mawe hupanda kutoka majini moja kwa moja hadi vilele vinavyopita mita 2,000, na kina cha maji katikati hufikia mita 300 hivi. Mwisho kabisa yapo maporomoko ya Chatterbox, yenye urefu wa mita 40 hivi, na kando yake gati la umma. Watu wa taifa la shíshálh, ambao ndio wenyeji wa maji haya, hupaita swiwelát. Ardhi ya pale mwisho ilikuwa mali ya mtu mmoja, James MacDonald, ambaye mwaka 1953 aliitoa iwe ya mabaharia wote, na tangu 1965 ni hifadhi ya jimbo. Ndiyo maana utakuta gati na njia za miguu, lakini hutakuta hoteli wala duka.

Safari hii hupangwa kinyumenyume. Unaanza na saa ya mlango, kisha unarudi nyuma hatua kwa hatua hadi saa ya kufungua kamba bandarini. Wengi wanaopata taabu ni wale walioondoka asubuhi kwa sababu asubuhi ilikuwa nzuri, wakafika mlangoni saa ambayo hapapitiki.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA YA KUONDOKA

Uwe na ramani ya bahari namba 3514 ya Idara ya Ramani za Bahari ya Kanada, ya karatasi au ya kielektroniki, na uwe na mahali pa pili pa kuisomea iwapo kifaa cha kwanza kitazimika. Angalia ukingo wa ramani uone kama kina kimeandikwa kwa mita au kwa pima, kwa maana 5 ya pima ni mita 9, na 5 ya mita ni 5 tu. Uwe na jedwali la maji kupwa na kujaa la kituo cha Point Atkinson, kilichoko karibu na Vancouver, kwa kuwa saa za mlango wa Malibu hukadiriwa kutokana na kituo hicho.

Redio ya VHF, ya kuongea chombo kwa chombo, ni lazima. Simu yako haitakuwa na mtandao sehemu kubwa ya Jervis wala ndani ya Princess Louisa, na redio yenyewe huzuiwa na milima, kwa hiyo anayeweza kupata kifaa cha kutuma ujumbe kwa satelaiti asikione kuwa ni anasa.

Kwa upande wa nanga, chukua mnyororo na amari (kamba ya nanga) ya kutosha kushusha nanga katika mita 25 au 30 za maji, pamoja na kamba nyepesi inayoelea, isiyopungua mita 100, kwa ajili ya kufunga tezi, yaani nyuma ya chombo, ufukoni. Kamba hii ndiyo kitu ambacho wageni hukisahau kuliko vyote. Utahitaji pia mtumbwi wa mpira au kihori cha kuifikisha kamba hiyo nchi kavu, fenda (vikinga ubavu vya chombo) nne au zaidi, na jaketi la kuokolea kwa kila mtu. Livaliwe, lisiwekwe chini ya kitanda. Maji ya huku ni ya theluji iliyoyeyuka. Aliyezoea kuogelea Shela au Nungwi asijipime nayo.

Chakula kiwe cha siku mbili zaidi ya zile ulizopanga. Anayekula nyama halali anunue kabla ya kuondoka Vancouver, kwa sababu kadiri unavyopanda kaskazini ndivyo maduka yanavyokuwa madogo, na baada ya kijiji cha Egmont hayapo kabisa.

Kuhusu hati, mkazi wa Kanada anayeendesha chombo cha burudani chenye injini anatakiwa awe na kadi ya mwendesha chombo, hata kama injini yenyewe ni ndogo kiasi gani. Anayekuja na mashua kutoka Marekani aripoti kwanza kwa forodha katika bandari iliyoruhusiwa, kabla hajaendelea kwenda kokote.

JAMBO MOJA KUHUSU MAJI

Sitaki kukuchosha kwa nadharia, ila hili moja usipolielewa litakupoteza. Sisi tuliokulia pwani ya Afrika Mashariki tumezoea maji yanayojaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kujaa kwa asubuhi kunakaribiana sana na kujaa kwa jioni. Huku sivyo. Katika siku moja kuna kujaa kukubwa na kujaa kudogo, kupwa kukubwa na kupwa kudogo, na vipindi baina yao havilingani. Ile hesabu ya kichwani ya mvuvi, kwamba maji yakijaa saa hizi yatapwa baada ya saa sita na kidogo, iache nyumbani. Soma jedwali la siku yenyewe.

HATUA KWA HATUA

1. Chagua majira na siku.

Mwisho wa Mei na mwezi wa Juni ndio wakati ninaoupenda mimi: theluji inayeyuka kwa kasi, maporomoko yana nguvu, na gati halijajaa. Julai na Agosti hali ya hewa ni tulivu zaidi, lakini utakuta mashua nyingi na maporomoko yamepungua. Ukiweza, chagua siku za maji mafu badala ya siku za bamvua, kwa kuwa mkondo wa mlangoni huwa na nguvu kidogo na muda wa kupita huongezeka. Kwa safari ya kwanza, nakushauri ushikilie jambo hili.

2. Tafuta saa ya mlango.

Mlango wa Malibu ni mwembamba, una kona, na mkondo wake hufikia noti 9 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa). Mashua nyingi za tanga zina mwendo wa noti 5 au 6 kwa injini, kwa hiyo hakuna ubishi kati yako na mlango huo. Unapita pale maji yanaposimama, basi.

Maji ya mlangoni husimama takriban dakika 25 baada ya maji kujaa Point Atkinson, na takriban dakika 35 baada ya maji kupwa huko. Kwa mgeni, apite maji yakiwa yamejaa, kwa sababu nafasi huwa pana zaidi. Makadirio haya yanaweza kusogea, hasa kukiwa na maji mengi ya theluji au mvua kubwa, hivyo macho yako mwenyewe ndiyo ya kutoa uamuzi wa mwisho.

Angalia sana saa za jedwali. Majedwali ya kuchapishwa aghalabu hutumia saa za kawaida mwaka mzima, ilhali saa ya mkononi mwako wakati wa kiangazi imesogezwa mbele kwa saa nzima. Usipoongeza saa hiyo, utafika mlangoni saa nzima kabla maji hayajasimama.

Na kosa la kwetu wenyewe: kamwe usiandike saa ya mlango kwa saa ya Kiswahili. Safari yangu ya kwanza niliandika kwenye daftari "mlango: saa 1 na dakika 5", nikimaanisha jioni, yaani 19:05. Mwenzangu, aliyezaliwa huku na kusomea huku, alikuwa na zamu ya usukani. Alisoma daftari, akaelewa 13:05, akatung'oa alfajiri. Tulipofika, maji yalikuwa yameanza kuingia, na kwa saa zilizofuata tulizunguka nje tukiyatazama yakiongezeka nguvu. Gogo lenye urefu kama wa mashua yetu lilipita ubavuni petu polepole, likafika mdomoni mwa mlango, likasimama wima kama mlingoti, likazama lote, kisha likaibuka mbali upande wa ndani likiwa limegeuka. Hakuna aliyesema neno. Tangu siku ile daftari letu linaandikwa kwa tarakimu nne tu: 0640, 1905.

3. Rudi nyuma hadi saa ya kuondoka.

Tuchukue mfano. Jedwali linasema maji yatajaa Point Atkinson saa 17:40 kwa saa za kawaida. Ni kiangazi, ongeza saa moja: 18:40. Ongeza dakika 25: mlango utatulia karibu saa 19:05. Unataka uwe nje ya mlango, umejiandaa, nusu saa kabla: 18:35. Kutoka Egmont hadi mlangoni ni maili zaidi ya 30 za baharini. Ukihesabu 33 kwa mwendo wa noti 5.5, ni saa 6. Hiyo inakurudisha hadi 12:35. Ongeza saa nzima ya akiba kwa ajili ya magogo, upepo wa mbele na mkondo, basi ondoka 11:35. Ukifika mapema, subira yako ni ya nusu saa au saa moja. Ukichelewa, subira ni ya mpaka maji yasimame tena, na huenda ikawa gizani.

Anayetokea Pender Harbour ahesabu maili zaidi ya 40, kwa hiyo wengi hulala kwanza Egmont au visiwa vya Harmony ili wasianze wakiwa wamechoka.

4. Jaza mafuta na uache taarifa.

Baada ya Pender Harbour na Egmont hupati tone. Kwenda na kurudi Pender Harbour ukijumlisha mizunguko ya hapa na pale ni maili 90 hivi. Kwa noti 5.5 hizo ni saa 16 na zaidi kidogo, na injini ndogo ya dizeli inayokula lita 3 kwa saa itatumia karibu lita 50. Ongeza theluthi moja, uwe na lita 65 au zaidi. Usihesabu tanga, kwa sababu nitakazozieleza sasa hivi. Mwachie mtu nchi kavu jina la chombo, idadi ya watu, na siku ambayo akikosa habari zako awaarifu walinzi wa pwani.

5. Panda Jervis.

Jervis ina sehemu tatu zilizounganika kwa kona: Prince of Wales Reach, Princess Royal Reach na Queens Reach. Siku za jua, upepo huvuma mchana kuelekea ndani, ukifuata mkono wa bahari kama moshi unavyofuata dohani, na usiku na alfajiri hugeuka ukashuka kutoka milimani. Kwa hiyo ukiondoka kabla ya adhuhuri unaweza kupata upepo wa nyuma, ukatweka tanga na kufurahi kwa saa mbili. Kisha unageuka kona, upepo unakufa au unakujia usoni, na unarudi kwenye injini. Ukweli ni kwamba huku tanga mara nyingi ni pambo. Nahodha anayeapa kwamba atafika kwa tanga peke yake hafiki kwa wakati.

Mtu mmoja awe na kazi moja tu, kutazama magogo. Huku hukatwa miti mingi, na mingine huponyoka ikaelea. Yanayolala juu ya maji huonekana; la hatari ni lile lililolowa, linaloelea wima, ncha yake ikichungulia kwa kiganja kimoja. Dalili yake ni ndege aliyesimama "juu ya maji". Ukimwona shakwe amesimama katikati ya bahari, kwepa.

Pia usibabaishwe na mlango wa Skookumchuck ulio jirani na Egmont. Huo unaelekea Sechelt Inlet, haumo katika njia yako, na mkondo wake hufikia noti 16. Watu hwenda kuutazama kwa miguu, wakiwa nchi kavu, na hiyo ndiyo namna nzuri ya kuutazama.

6. Subiri nje ya mlango.

Hapa huwezi kutia nanga. Kina ni kirefu mno hadi karibu kabisa na mawe. Utazunguka taratibu kwa injini, mbali kidogo na mdomo wa mlango. Tumia muda huo kufanya mambo haya: matanga yote yawe yametuliwa na kufungwa, mtumbwi wa mpira uvutwe karibu na tezi, kamba zisining'inie majini, na nanga iwe tayari kuachiwa. Kisha tazama. Maji yanapokaribia kusimama, mistari ya povu hukatika na yale mafundo yanayozunguka hulegea. Ukiona maji bado yana mteremko, ngoja, hata kama saa inasema umefika.

7. Piga redio, kisha pita.

Kwa sababu ya kona, anayeingia hamwoni anayetoka. Tangaza kwenye chaneli ya 16 jina la chombo chako, urefu wake, na kwamba unaingia mlango wa Malibu. Nyamaza usikilize, kwani huenda kuna chombo kinatoka. Anayesukumwa na mkondo hawezi kusimama vizuri, mpishe. Pita kwa mwendo wa wastani: usikimbie, maana upande mmoja kuna majengo na magati ya kambi ya vijana na mawimbi yako yataviumiza vyombo vyao, na usiende polepole mno, maana usukani hautashika. Injini iwe inafanya kazi muda wote. Kupita hapa kwa tanga ni kujitafutia habari ya kusimuliwa na wengine.

Wazee wa Lamu wanaopitia Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, watauelewa mlango huu upesi kuliko mtu yeyote: njia ipo, imejulikana miaka na miaka, lakini mwenye kuamua ni maji.

8. Chagua pa kulala.

Una chaguo nne, na nitazitaja kwa mpangilio ambao ningempa mgeni.

Gati la Chatterbox ndilo rahisi kuliko yote. Njoo taratibu, fenda zikiwa zimeshushwa mapema, na ujue kwamba maji ya maporomoko hukusukuma pembeni unapokaribia. Wengi hugonga kwa sababu walipanga kana kwamba maji yamelala. Gati ni la watu wote, kwa hiyo sogea mbele uwaachie wengine nafasi. Soma kibao kuhusu ada na muda wa kukaa.

Maboya ya hifadhi yapo karibu na kisiwa cha MacDonald, takriban nusu ya njia. Pametulia, na kelele za maporomoko hazifiki.

Kutia nanga na kufunga tezi ufukoni kunahitaji kazi, na nimekueleza katika hatua inayofuata.

La nne ni kutia nanga mbele ya maporomoko. Maji yamejenga hapo fungu la mchanga na mawe, na kina kinapanda ghafla kutoka kilindini. Omo, yaani mbele ya chombo, huelekezwa kwenye maporomoko, nanga hushushwa ukingoni mwa fungu, na nguvu ya maji hukishikilia chombo kikitazama mlimani usiku kucha. Ni mahali pazuri sana Juni. Mwisho wa Agosti, maji yakiwa machache, nguvu hiyo hupungua na chombo huanza kuzunguka hovyo, kwa hiyo simshauri mgeni.

9. Kufunga tezi ufukoni.

Pitia kwanza polepole ukisoma kina. Ukipata mahali penye mita 25 hivi umbali wa kama mita 50 kutoka ufukoni, elekeza omo nje, shusha nanga, kisha rudi nyuma kwa injini kuelekea nchi kavu huku ukilegeza mnyororo. Mtu mmoja apige makasia kwenye mtumbwi wa mpira akiwa na ncha ya ile kamba ndefu, aipitishe kwenye pete ya chuma iliyopigiliwa mwambani au nyuma ya shina la mti imara, na arudi nayo hadi chomboni. Usifunge fundo ufukoni. Kamba ikienda na kurudi, asubuhi unaachia ncha moja ukiwa chomboni, unaivuta, nayo yote inarudi. Ndiyo sababu nilisema mita 100: mita 50 za kwenda na 50 za kurudi, na bado utatamani nyingine.

Kaza nanga kwa kurudi nyuma kidogo kwa injini, ukitazama miti miwili iliyopangana ufukoni. Miti ikiachana, nanga inaburura.

Acha nafasi ya maji kupwa. Tofauti ya kujaa na kupwa huku inaweza kupita mita 4, na usukani uliokuwa na maji ya kutosha jioni unaweza kukaa juu ya jiwe alfajiri.

10. Kushuka nchi kavu.

Njia fupi kutoka gatini hadi chini ya maporomoko ni ya kila mtu. Usipande mawe ya pembeni wala juu ya maporomoko: yana ukungu na utelezi usioonekana, na watu wamekufa pale. Ipo njia nyingine inayopanda hadi kwenye mabaki ya kibanda cha mtega wanyama; ni mteremko mkali wa mizizi na matope, inachukua kama saa mbili kupanda, na viatu vya kawaida havifai. Msitu una dubu, hivyo mabaki ya chakula yasiachwe nje. Taka zote utarudi nazo. Na tangi la choo usilifungulie mle ndani, kwa sababu maji ya mkono huu wa bahari hubadilika taratibu kupitia mlango ule mmoja mwembamba.

11. Kutoka.

Hesabu ni ile ile, redio ni ile ile. Kutoka gatini hadi mlangoni ni dakika 45 hivi, ondoka saa moja na robo kabla. Jua huchelewa kuvuka milima, kwa hiyo usitazame mwanga kuamua kama kumekucha, tazama saa.

MAMBO YAKIENDA KOMBO

Umechelewa mlangoni na maji yameanza kwenda. Ikiwa ni dakika chache na siku ni ya maji mafu, nahodha mwenye uzoefu anaweza kuamua. Wewe mgeni usiamue, subiri. Ikiwa giza linaingia, geuka ukatafute pa kujishikiza Deserted Bay au Vancouver Bay, ingawa zote mbili si mahali pa kulala usingizi mzito, weka zamu.

Nanga haishiki. Mara nyingi umeishusha kwenye mwamba mtupu unaoteremka. Ipandishe, usogee, ujaribu karibu na mahali ambapo kijito kinaingia baharini, kwa kuwa kijito huleta mchanga na tope. Ukishindwa mara tatu, nenda ukachukue boya au gati, hakuna aibu.

Nanga imekwama. Huenda imeshika gogo lililozama. Kaza amari wima maji yakiwa yamepwa, funga, na uache maji yanayojaa yanyanyue chombo. Kaa macho usije ukainamisha omo kupita kiasi. Isipotoka, zunguka kwa injini ukaivute kutoka upande wa pili.

Injini imezimika katikati ya Jervis. Usikimbilie ufukoni kutia nanga, maana hutapata chini. Tweka tanga lolote linaloweza kushika upepo, kaa katikati, tangaza kwenye chaneli ya 16 na urudie tangazo kila unapogeuka kona, kwani mlima ndio unaokuziba. Kisha kagua chujio la dizeli kabla ya kitu kingine. Katika safari zangu zote, mara mbili injini iliponizimikia, lilikuwa ni chujio.

Maji ya kunywa yamekwisha. Maporomoko yapo, lakini chemsha.

Ukungu au mvua imefunika mlango siku ya kutoka, na huoni upande wa pili. Baki. Hakuna mkondo unaokufukuza mle ndani. Mpigie redio yeyote aliye nje akujulishe hali ya Jervis, rudi kwenye boya lako, tafuta katika jedwali saa ya kujaa kunakofuata, na uiandike kwa tarakimu nne.